Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar: msitwambie tu tutumie lugha nzuri, tufundisheni

Assalaam alaykum wakubwa zetu.

Barua hii naiandika kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Katibu Mkuu wake, kwa wanaosimamia uuguzi na ukunga Unguja na Pemba, kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga, na kwa walimu wetu wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, ambao kila mwaka mnatuletea vijana wa mafunzo wodini. Mimi ni mkunga, niko Pemba. Hospitali yangu siitaji maana sina ugomvi na mtu, na haya nitakayoyasema yapo Chake, yapo Wete, yapo Mkoani na yapo Unguja vile vile.

Kila mwaka tarehe 5 Mei ni siku ya wakunga duniani na tarehe 12 Mei ni siku ya wauguzi, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Tunapiga pasi sare zetu, tunajaa ukumbini, mgeni rasmi anasimama kuhutubia, na hotuba ikifika katikati lazima lije lile neno, wauguzi tumieni lugha nzuri kwa wagonjwa. Tunapiga makofi tunarudi kazini. Mwaka unaofuata neno ni lile lile na malalamiko ya wananchi ni yale yale. Neno lenyewe ni la kweli, ila halijamfundisha mtu kitu.

Nataka niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, wananchi wanaolalamika wana haki. Nishamsikia mzazi akiambiwa kwani wakati unaipata hiyo mimba hukujua kama inauma, nishaona paja la mtoto wa watu limepigwa kofi kwa sababu kabana miguu na kichwa kishaanza kuonekana. Hilo halina utetezi, aliyefanya aitwe aulizwe na mwanamke yule aombwe radhi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 lilitoa tamko kabisa kuwa kumdhalilisha mwanamke anapojifungua hospitali ni kuvunja haki zake, kwa hiyo hili si jambo la kusema ah, ndo tabia za manesi hizo.

Lakini hebu tuulizane. Kutia kanyula, kile kisindano cha dripu mkononi, tulifundishwa vipi? Mwalimu kasimama ubavuni, kaonyesha, sie tukafanya kwenye mkono wa mwanasesere, halafu tukafanya kwa mgonjwa yeye akiangalia, tukakosea tukarudishwa, mpaka mkono ukazoea. Kupima njia vile vile, kusikiliza mapigo ya mtoto kwa fetoskopu vile vile. Sasa kuzungumza na mwanamke ambaye uchungu umemshika, kachanganyikiwa, anataka kushuka kitandani aende kwao, tulifundishwa vipi? Tuliambiwa muwe na huruma. Somo la mawasiliano lipo chuoni, lina slaidi zake na mtihani wake, tukaandika kuwa mawasiliano yapo ya maneno na ya ishara tukapata maksi zetu. Hakuna hata siku moja mtu alinikalisha akanambia haya, mimi ndo mzazi, nimebana miguu na napiga makelele, niambie kitu. Nikasema, akanisahihisha, nikasema tena.

Hicho ndo ninachokiomba kwa barua hii. Mafunzo ya kuzungumza, na mafunzo ya kuhimili mambo mazito tunayoyaona, yafanywe kama yanavyofanywa mafunzo ya mikono, yaani wodini, ndani ya saa za kazi, kidogo kidogo, yakirudiwa mwaka mzima. Si semina ya siku mbili halafu basi.

Watu wakisikia mawasiliano wanadhani ni kumwambia mgonjwa karibu mama, pole mama. Hiyo ni sehemu tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliweka viwango 8 vya huduma bora kwa mama na mtoto mchanga, na vitatu kati ya hivyo ni haya haya, kuwasiliana vizuri na mama na jamaa zake, kumpa heshima, na kumshika mkono kimoyo wakati wa uchungu. Ila kuna mawasiliano mengine ambayo mwananchi hayaoni kabisa, nayo ni yale baina yetu wenyewe, na hayo yanaua.

Saa nane za usiku, mzazi kaletwa kutoka kituo cha shamba, mimba ya kwanza, miezi minane, kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli, presha 170 kwa 110. Mkunga ana msaidizi mmoja na wazazi wengine wanne leba. Anampigia daktari wa zamu. Mara nyingi simu inakwenda hivi: dokta samahani kukuamsha, huku kuna mgonjwa kaletwa hali yake si nzuri sana, presha iko juu, naomba uje umuangalie. Daktari aliyelala saa moja tu anauliza juu vipi, mkunga anatafuta karatasi, anaulizwa mkojo mshapima, bado dokta, haya pimeni halafu nipigie. Simu imekatika, dakika zinakwenda, na mama anaweza kuingia kifafa cha mimba pale pale kitandani. Hapo hakuna mvivu wala mwenye roho mbaya. Ni kwamba hakuna aliyefundishwa kupiga simu ile wala kuipokea.

Na inafundishika. Kuna utaratibu ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, watu wa hospitali za kule Colorado wakauchukua na sasa unatumika nchi nyingi, una mambo manne tu: hali ilivyo sasa hivi, historia yake, mimi naona ni nini, na nataka kifanyike nini. "Dokta, ni mkunga wa leba. Nina mzazi wa mimba ya kwanza, wiki 34, presha 170 kwa 110, kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Kaletwa sasa hivi kutoka kituoni, kabla ya mimba hakuwa na presha, mkojo una protini mbili. Naona anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Naanza dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti na naomba uje sasa hivi." Magnesiamu ndo dawa ya kuzuia kifafa hicho. Nusu dakika haifiki. Lile la nne ndo gumu zaidi kwetu, maana sie tumelelewa kuwa mdogo hamwambii mkubwa afanye nini, na nesi mbele ya daktari ni mdogo hata kama nesi ana miaka ishirini ya leba na daktari kamaliza chuo juzi. Kwa hivyo linataka mazoezi, tena mazoezi pamoja na madaktari wenyewe, wakae chumba kimoja na sie, wazoee kuwa nesi akisema naomba uje sasa hivi hajavunja adabu. Visiwa hivi tena tunafanya kazi na madaktari wa Kichina, timu zao zinapokezana hapa Zanzibar tangu 1964, na wageni wengine pia, na ukiwa na daktari ambaye Kiswahili chake ndo kwanza anakianza basi ripoti fupi yenye mpangilio na namba zake inafika pale ambapo maelezo marefu hayafiki.

Halafu kuna jamaa wa mgonjwa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapopoteza wakati mwingi.

Mama anatakiwa upasuaji, mtoto kachoka tumboni, mapigo yanashuka. Ruhusa ni ya mama mwenyewe, hilo halina mjadala. Lakini mama anasema muulizeni mama mkwe, mama mkwe anasema tumsubiri mwanangu, na mwanawe yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haishiki. Mkunga ambaye hakufundishwa hapa hugomba, nyie ndo mnaoua watu wenu, mtoto akifa msije mkatulaumu sie. Mama mkwe akisikia hivyo anafunga moyo, anawapigia kaka zake, wanakuja na wao na lao, inakuwa baraza pale nje ya leba, nusu saa imekwenda. Nina mwenzangu mmoja mtu mzima analijua jambo hili, nimemtazama akilifanya. Hasimami mlangoni akatoa amri. Anamchukua bibi pembeni, anakaa naye kwenye benchi, anamshika mkono, anamuuliza kwanza yeye bibi kazaa wangapi na alizalia wapi. Bibi anajibu, sauti inashuka. Ndo anamwambia, bibi, mtoto anavuta pumzi kwa damu ya mamake, sasa damu haimfikii vizuri, mapigo yake yalikuwa 140 sasa ni 90, akikaa humo nusu saa nyengine sijui kama tutampata, na mkweo anakutazama wewe, mwambie neno. Bibi mwenyewe anainuka anakwenda kitandani, anamwambia mwanangu tia saini, mumeo nitasema naye mimi. Hata dakika tano hazifiki. Sasa mkunga huyu anakaribia kustaafu na ujuzi wake ule haukuandikwa pahala wala hakuna aliyekabidhiwa, siku atakayofungasha vitu vyake anaondoka nao.

Na kuna kutoa habari ya msiba. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, kwenye mradi wa PartoMa ambao watafiti waliufanya pamoja na wakunga na madaktari wetu, mwanzoni walihesabu watoto 59 waliozaliwa wafu katika kila watoto 1000, baadae wakashuka mpaka 39, na huko kushuka nitakuja kuwaeleza. Hata hao 39 ni karibu mmoja katika kila 25. Kila mmoja kati yao kuna mtu alimwambia mamake. Ni nani aliyemwambia, wapi, kwa maneno gani? Mara nyingi ni pale pale kwenye wodi ya wazi, kitanda cha pili mwenziwe ananyonyesha, tunasema haraka haraka Mwenyezi Mungu kapenda, subiri, utapata mwengine, tunageuka. Wala si ukatili, ni kukosa la kusema na kuogopa kulia mbele ya mgonjwa. Imani ndo inayotushika sote, wallahi bila hiyo tusingemudu, lakini neno la imani nalo lina wakati wake, likija kabla mama hajafahamu kilichotokea linamziba mdomo na yeye alikuwa anataka kuuliza, alikuwa mvulana au msichana, alilia, ni mimi nilikosea?

Madaktari wa saratani walichapisha mwaka 2000 utaratibu wa hatua 6 wa kutoa habari mbaya na hauhitaji mashine wala bajeti. Tafuta faragha, kaa usisimame, muulize anajua nini mpaka sasa, jua anataka kuelezwa kiasi gani, mwambie kwa maneno mepesi yasiyozunguka, halafu nyamaza umwache alie, mwisho ndo mzungumze yanayofuata. Na kwetu yanayofuata ni mengi. Anataka kumuona mtoto na kumpakata? Nani anamchukua kwenda kuzika? Jamaa wanatuuliza sie saa kumi za usiku, anaoshwa, anaswaliwa au haswaliwi, na kila nesi anajibu lake. Naomba Ofisi ya Mufti iingizwe ndani ya mafunzo haya, aje sheikh mmoja atueleze vizuri tuwe na jibu moja, na atwambie pia lipi si letu kulijibu. Na jambo jengine ambalo karibu kila mara linasahaulika, maziwa. Mama karudi kwao Micheweni hana mtoto, baada ya siku mbili tatu kifua kinajaa maziwa, kinauma, kanga imerowa, na hakuna aliyemwambia kuwa litatokea hilo na afanye nini. Huwa wanatusimulia wakija na mimba nyengine, na wanalitaja hilo kuliko hata siku yenyewe ya kuzaa.

Sasa yule mkunga aliyetoa habari ile, yeye anakwenda wapi? Anakwenda kitanda cha pili, anavaa glavu nyengine, anasema sukuma mama, mtoto huyu analia, watu wanashangilia, na yeye atabasamu. Asubuhi anapanda daladala anarudi kwake, watoto wanataka chai ya kwendea skuli. Hakuna aliyemuuliza. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huu mnauona mwepesi kwa sababu hamjawahi kuuliza una uzito gani.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, na likasema wazi kuwa wenyewe si ugonjwa, ni jambo linalotokana na kazi, stresi ya kazini ya muda mrefu isiyoshughulikiwa. Alama zake tatu: nguvu zinakwisha kabisa, moyo unajitenga na kazi mpaka mtu anaichukia, na mwisho anaona kila afanyalo halifai. Iangalieni hiyo ya pili. Yule nesi mwenye mdomo mkali mnayemzungumzia kila tarehe 12 Mei, wengine kati yao nawajua walivyoanza kazi, walikuwa wakimletea mzazi uji kutoka kwao. Nishasema sitetei kofi wala tusi. Ninachosema ni kuwa hotuba haimrudishi mtu kama huyo, na barua ya onyo peke yake haimrudishi. Na angalieni pia lilipowekwa jambo lenyewe, limewekwa kazini, kwa hivyo wa kulitatua ni mwenye kazi, si nesi aambiwe nenda kafanye mazoezi ya kuvuta pumzi.

Kikao tunachokijua sie baada ya kifo ni kile cha mapitio, faili iko mezani, nani alikuwa zamu, saa ngapi ulipima, kwa nini hukuandika. Kikao hicho kina kazi yake na kiendelee, watoto na kina mama wanaokolewa kwa kujua kosa lilikuwa wapi. Lakini hakiwezi kuwa ndo pahala pekee ambapo jina la mama yule linatajwa. Tunataka chengine kidogo, siku ile ile, kabla ya zamu kuondoka, dakika kumi, milango imefungwa, hakuna faili, hakuna anayeandika. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka anakunywa chai. Sisitizo langu liko hapo kwenye asiyetaka, maana utafiti umeshaonyesha kuwa kumkalisha mtu mara moja ukamlazimisha asimulie yote yaliyomkuta hakumkingi na madhara ya baadae. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 una maneno matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani kabadilika, nani haongei, nani kaanza kuomba ruhusa kila wiki. Sikiliza bila ya kuhukumu. Unganisha, yaani mpeleke kwa anayeweza kumsaidia. Hilo inchaji wa wodi anaweza kulifanya akifundishwa, na mainchaji ndo wangefundishwa wa kwanza.

Hapo kwenye kuunganisha kuna tatizo la kisiwa. Pemba sote tunajuana. Nikienda kwa mshauri wa hospitali yangu leo, kesho wodi nzima inajua, keshokutwa shehia nzima. Na mtu akionekana Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, basi kashapewa jina. Pendekezo langu ni rahisi, washauri walioko Unguja wawahudumie wauguzi wa Pemba kwa simu na walioko Pemba wawahudumie wa Unguja, vocha ilipwe na Wizara, na jina la mtu lisiandikwe kwenye ripoti yoyote inayopanda juu.

Sasa nije kwenye namna ya kufundisha, kwa sababu nikisema mafunzo naogopa mtafikiria semina. Semina tunazijua, projekta, chupa ya maji, posho, picha ya pamoja, cheti. Wodini wanabaki wawili wanafanya kazi ya watano. Kule hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara, walifundisha wahudumu kwa siku moja kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Wakipimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri sana, walipotazamwa leba na watoto wa kweli hakuna kilichobadilika. Wakageuza, wakaweka mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara pale pale leba, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kwa asilimia 40. Hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni kurudia.

Na mfano wetu wa nyumbani ni huo wa PartoMa niliousema. Hawakuja na kitabu kinene kutoka nje wakatutaka tukifuate. Walikaa na wakunga na madaktari wa Mnazi Mmoja, wakaandika kijitabu kidogo cha kutia mfukoni kinachoendana na hali yetu ya wazazi wengi na wakunga wachache, wakafanya vikao vifupi vinavyorudiwa, na ndo ikaja ile 59 kushuka kuwa 39. Yale yalikuwa ya kusimamia uchungu. Mimi naomba tuandike kijitabu kama hicho cha maneno. La kumwambia anayebana miguu, la kumwambia mama mkwe, la kumwambia daktari saa nane, la kumwambia aliyefiwa. Kiandikwe na wakunga wa hapa kwa Kiswahili cha hapa, maana maneno yaliyotafsiriwa kutoka kwenye mwongozo wa Ulaya ukiyasema kwa mwanamke wa Kojani anakutazama tu.

Nimalizie mifano kwa ule wa Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, mradi ulioitwa Staha. Walikubaliana baina ya jamii na watoa huduma heshima ni nini, kila upande ukaandika wajibu wake, halafu hospitali ikabadilisha vitu vidogo, mapazia kwenye vitanda, mzazi kupokelewa kwenye chumba cha faragha, anayefanya vibaya kuitwa na kuzungumzwa naye, na wakunga walio zamu kupewa chai. Chai jamani. Vitendo vya kudhalilisha wazazi vikapungua sana. Nimeusoma mradi ule na nikafahamu kuwa mapazia na chai navyo ni sehemu ya mafunzo, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu kuzungumza kwa staha na mwanamke aliyelala wazi mbele ya watu wanane.

Ndo maana lazima niseme na hili. Msije mkatupa mafunzo ya kuhimili badala ya watu. Majengo tumeyaona na tunashukuru kwa dhati, hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, zikaja hospitali mpya za wilaya, ikaja ya mkoa kule Lumumba. Kila jengo jipya linataka wakunga, na mkunga aliyehamishwa kwenda jengo jipya kaacha pengo jengo la zamani. Mtu mmoja kwenye wazazi sita hata umfundishe maneno matamu kiasi gani, atayasema kwa mmoja na watano watasikia nakuja. Rais wetu mwenyewe ni daktari kwa taaluma, sidhani kama anahitaji kuelezwa zamu ya usiku ni kitu gani.

Na wakati mnatafuta watu, ruhusuni mzazi aingie na mtu wake leba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unashauri hivyo, na majaribio 26 yaliyokusanywa pamoja, wanawake zaidi ya 15,000, yameonyesha kuwa mwenye mtu wa kukaa naye muda wote uchungu unakuwa mfupi na upasuaji unapungua. Wanawake wetu walizaa vizazi kwa vizazi mama zao wakiwa wamewashika mgongo, hospitali tukawatoa wakakaa nje na chupa ya uji. Tukiweka mapazia inawezekana, na yule mama mtu akifundishwa dakika mbili amkande wapi na amwambie nini basi mkunga kapata msaidizi.

Sitaki mradi mkubwa wa kuanzia. Chagueni wodi moja ya wazazi Pemba na moja Unguja. Robo saa mara mbili kwa wiki, pale zamu ya usiku inapokabidhi ya asubuhi, zamu zote mbili zikiwepo na daktari akiwepo, tunafanya zoezi moja la kuzungumza, mmoja mzazi mmoja mkunga, tunasahihishana, tunaingia kazini. Robo saa hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi, iandikwe kwenye ratiba, na wanafunzi wa SUZA walioko wodini wafanye na wao wapewe maksi kwa kufanya, si kwa kuandika. Baraza liyahesabu mazoezi haya mtu anapohuisha leseni yake, kama linavyohesabu semina. Kabla ya kuanza waulizeni wazazi wanaotoka wodini walizungumzwa nao vipi, baada ya miezi sita waulizeni tena, na wakunga nao waulizwe wanalala vipi, wanaipenda bado kazi au wanatafuta njia ya kuiacha. Matokeo yakiwa mabaya tutayasoma pamoja.

Mwalimu msimtafute mbali. Yule mwenzangu wa kwenye benchi nishamuuliza kama atakubali kufundisha, kasema yuko tayari hata kesho, anachotaka ni barua ya kumpunguzia zamu mbili za usiku kwa mwezi ili apate nafasi. Anastaafu mwakani. Barua hiyo naiomba itoke mwaka huu.

Wasalaam,
Mkunga, Pemba